Nilimwonyesha Mama Yake Vema Tupu

Admin, jina langu baki nalo wewe. Mimi ni mwalimu wa kike, miaka 29, kwetu Tanga, nafundisha darasa la nne shule moja ya msingi huku Kasulu. Naandika nikiwa najichukia, na mkinitukana hamtakuwa mmekosea.

Mwalimu mkuu wetu alianzisha bendera ya mahudhurio. Kila Ijumaa mstarini, darasa lisilo na mtoro ndilo linalokabidhiwa, basi shangwe mpaka kijijini! Watoto wakawa wanakuja kweli, hata kwa mvua. Msimu wa kuvuna maharage ulipofika, wanne wakapotea darasani kwangu. Mkuu akaniita: "Madam, bendera ikutoke kwa ajili ya watoto wanne? Weka alama ya vema daftarini, watarudi." Nikaweka, kwa mkono wangu mwenyewe.

Watatu walirudi. Wa nne, nimwite Editha, hakurudi. Kumbe yuko nyumbani kwa mkuu mwenyewe, anamlelea mtoto wake mchanga! Nilimkuta siku nimepeleka maandalio ya masomo, kambeba mtoto mgongoni, anamenya mihogo. "Shikamoo madam," akainamisha uso. Mkuu anajichekea tu: "Huyu anasomea hapa hapa." Wallahi! Mtu huyu huyu anayewafokea wazazi wa watoro kila Ijumaa!

Na mimi je? Nikaendelea kuweka vema.

Juzi asubuhi kaja shuleni mama yake Editha. Ni mjane, anauza dagaa upande wa Nyarugusu, hurudi mara moja moja. Alimwacha binti kwa mkuu ili awe karibu na shule.

"Mwakeye, mwalimu. Mwanangu nikimpa kitabu asome, anatetemeka tu. Shule anakuja kweli?"

Mkuu alikuwa kasimama mlangoni. Nikafungua daftari la mahudhurio, nikamwonyesha. Akapitisha kidole kwenye vema moja moja, kisha akanishika mikono yote miwili.

"Mungu akubariki, mwalimu. Kumbe uvivu ni wake. Leo atanitambua."

Na kweli alimchapa. Nimeziona alama miguuni kwa Editha, na hata kwa fimbo hakumtaja mkuu.

Mtihani wa taifa wa darasa la nne uko karibu, Editha hawezi kusoma sentensi moja. Nikisema, mkuu atatoa daftari lenye mwandiko wangu na kazi nimepoteza. Mama yake anarudi Jumamosi, na tayari kaniomba nimtafutie fimbo nzuri. Nishaurini ndugu zangu, namwambia nini yule mama?