Mwezi Alioficha Bibi

Nilipokuwa mtoto, mtu akiniuliza nimezaliwa lini nilijibu kama Bibi alivyonifundisha: mwezi wa nane, wakati watu wa Titye, kijiji chetu, wanachoma matofali. Niliwajibu hivyo majirani, nikamjibu hivyo katekista, na sikujua kwamba ni uongo.

Bibi alikuwa mama yake baba, na tuliishi naye nyumba moja. Alikuwa mrefu, mwembamba, mkali kwa kuku na mpole kwa watoto. Miiko yake ilikuwa mingi. Watoto hawahesabiwi kwa kidole. Mtoto akilala hasifiwi. Lakini mwiko mkubwa kuliko yote ulikuwa kutaja mwezi aliozaliwa mtoto. "Mwezi wa mtu ni mlango wake," alikuwa akisema. "Ukiutangaza, kifo kitajua pa kubisha hodi."

Uongo huo ndio ulionipeleka shule kabla ya wakati wangu. Mkuu wa shule alikuwa anaandikisha watoto wanaotimiza miaka saba mwaka ule. Bibi hakuwa na haja ya kuniwahisha. Mambo ya miaka hata hakuyajali. Alitaka tu mwezi ulio mbali kabisa na ule wa kweli, akarudi nyuma nusu mwaka, na nusu mwaka huo ukanisukuma darasa la kwanza nikiwa sijatimiza hata sita. Nilikaa kwenye dawati miguu ikining'inia. Mbio nilikuwa wa mwisho, kusoma wa mwisho, na kwenye foleni ya uji wakubwa walinipita kana kwamba sipo. Nilijiona mjinga. Hakuna aliyeniambia kwamba nilikuwa mdogo tu.

Tulipokuwa darasa la pili alikuja Mwalimu Neema, msichana mwenye sauti nzuri aliyetokea Moshi. Alibandika ukutani karatasi ya manila yenye miezi kumi na miwili, na chini ya kila mwezi akaandika majina ya waliozaliwa mwezi huo. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi wenye mwezi wao walisimama mbele, darasa likawaimbia, kila mmoja akapewa pipi. Kwetu hakuna aliyewahi kuimbiwa kwa kuzaliwa. Mwezi wa nane nami nikasimama, nikaimbiwa, nikala pipi yangu polepole njia nzima. Nyumbani sikusema kitu, na Bibi hakujua.

Mwanzoni mwa darasa la tatu, siku moja tulikuwa uani tunapura maharage, mimi na Mama. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu wenzangu walikuwa wamenicheka tena.

"Mama, mbona wote wananizidi kimo?"

Mama alijibu bila kuinua uso. "Si kwa sababu wewe ni mdogo kwao? Wewe ni wa mwezi wa pili. Nilikuzaa mvua inanyesha, na maharage kama haya yako ndani hayajakauka." Kisha akashtuka, akajifuta mikono kwenye kitenge. "Usimwambie bibi yako kwamba nimesema."

Sikumwambia Bibi. Nilimwambia Mwalimu Neema. Ningependa kusema niliupenda ukweli, lakini nilitaka pipi ya pili.

Mwalimu alicheka sana. "Kumbe mwezi wa nane tulikuimbia bure!" Akalikwangua jina langu kwa wembe, akaliandika kwenye mwezi wa pili. Ijumaa nikasimama mbele. Wakati huu niliimbiwa kitu cha kweli, na hata leo nakumbuka jinsi kifua kilivyonijaa.

Tulirudi wimbo ukiwa bado midomoni. Tulipofika kwetu wenzangu waliimba mara moja zaidi, wakataja jina langu na mwezi wangu, wakaendelea na njia yao. Bibi alikuwa amekaa na ungo mapajani, anachagua mbegu. Mikono yake ikasimama.

"Mwana wanje," aliniita kwa Kiha, mwanangu. "Nani amekwambia?"

Mama akatoka jikoni. "Ni mimi, mama."

Bibi alimtazama mkwewe. Nilingoja matusi, hayakuja. "Basi ametajwa," alisema, akarudi kwenye ungo wake, na mbegu zikawa zinadondoka chini bila yeye kuziokota.

Siku ya nne nikaugua. Leo naweza kueleza vizuri: ni msimu wa mvua, madimbwi kila mahali, mbu wengi, na chandarua hatukuwa nacho. Lakini asubuhi ile hakuna aliyefikiria mbu. Homa ilipanda, macho yakageuka, mwili ukaanza kukakamaa. Majirani walikuja mbio. Mama alinisimulia baadaye kwamba wote walisema neno moja: ni degedege, aoshwe kwa majani, asipelekwe kwenye sindano, sindano itamuua. Na mwenye majani hayo, aliyeitwa nyumba zote mtoto akianguka, alikuwa Bibi mwenyewe.

Walimpisha apite kwenda kuchuma. Bibi hakwenda. Alichukua kitenge, akanifunika, akasema, "Leteni baiskeli."

"Lakini Bibi, majani..." mmoja wao alianza.

"Wale wawili niliwaosha kwa majani hayo hayo, hapa hapa. Huyu hapana."

Ndivyo nilivyokuja kujua kwamba mimi si mtoto wa kwanza wa mama yangu. Walinitangulia wawili, kaka na dada, na wote walikufa mwezi wa pili, mikononi mwa Bibi. Mwaka uliofuata kifo cha yule wa pili nikazaliwa mimi, mwezi ule ule.

Baba alikuwa kibaruani Kibondo. Jirani mmoja alisukuma baiskeli, nikiwa nimefungwa nyuma, Mama akinishika upande mmoja na Bibi upande mwingine, wakipanda na kushuka vilima kwenye utelezi hadi kituo cha afya. Hapo fahamu zilikuwa zimeanza kunirudia, na ninachosimulia sasa nilikisikia kwa masikio yangu.

"Ana miaka mingapi?" muuguzi aliuliza.

Mama akamtazama Bibi. Bibi akatazama sakafu.

"Jamani, nijibuni. Mmesema yuko darasa la tatu, lakini mwili huu si wa darasa la tatu. Dawa hii siwezi kuitoa kwa kubahatisha. Alizaliwa lini?"

Nje mvua ilikuwa inaanza tena. Mama alifungua mdomo, akaufunga. Alikwisha kusema mara moja, asingethubutu tena.

Bibi akafumba macho. "Mwezi wa pili," alisema. "Ametimiza minane wiki hii." Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeungama. Kisha akafumbua macho, akaitazama kalamu ya muuguzi mpaka ilipomaliza kuandika.

Nililala pale siku tano. Bibi alikaa kwenye mkeka kando ya kitanda changu, na kila nilipoamka nilimkuta yuko macho. Mwalimu Neema alikuja na machungwa, akalia, akaomba radhi kwa ule wimbo.

"Hukujua, mwalimu," Bibi alimwambia. "Na mimi sikukwambia." Akafikiri kidogo. "Lakini kama mnajua sasa kwamba ana minane tu, kwa nini mnamkalisha na wakubwa?"

Nilirudishwa darasa la pili. Kwa mara ya kwanza nilisimama katikati ya mstari, si mkiani, na mwisho wa mwaka nikashika nafasi ya nne. Watu walisema homa imenifungua akili.

Vyeti vyangu mpaka leo vinasema mwezi wa nane. Hakuna aliyekumbuka kurekebisha daftari la mkuu wa shule. Kila mwaka ukifika mwezi huo wenzangu wa kazini hapa Kibondo wananitumia salamu kwenye simu, nami nashukuru. Sijawahi kuamini kwamba wimbo wa watoto ulinileta karibu na kifo. Lakini sijawahi pia kumcheka Bibi. Alikuwa amezika wawili, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Aliufunga mlango mmoja aliouona. Na siku alipolazimika kuufungua mwenyewe, aliufungua, akiwa na hofu yake yote.

Alifariki mwaka juzi, mzee sana. Fundi seremala aliyetengeneza msalaba alikuja uani na kipande cha karatasi, akauliza jina, akauliza siku ya kufa, kisha akauliza siku ya kuzaliwa. Baba alimtazama Mama, Mama akanitazama mimi. Hatukujua mwezi. Hatukujua hata kama ilikuwa masika au kiangazi. Miaka yote ile nyumbani mwetu, hakuna aliyewahi kumuuliza.