Kujengua Nyumba ya Bibi

Enzi zetu, na msicheke, nina miaka kumi na saba lakini enzi ninazo, Kariakoo ukiinua shingo ulikuwa unaona anga. Nyumba ya bibi ilikuwa ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani harufu ya samaki wa kukaanga na sabuni ya mche. Mlango wake wa mninga ndio ulikuwa kituo chetu cha kombolela: ukiwahi kuugusa kabla ya mtafutaji, wote waliokamatwa wako huru. Tukiupiga vibao, bibi anafoka kutoka uani, "Nyie mbwa koko, hapo niliingia bibi harusi!" Watoto wa siku hizi wanajificha kwenye simu, na hakuna anayewatafuta.

Mwaka huu kiwanja kikapata mnunuzi. Baba mdogo akaleta habari ya tingatinga: asubuhi moja tu, kwisha. Bibi akakaa kizingitini na kanga yake, akasema basi lipite juu yake. Mimi nikawa sikai, sisimami, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ndipo mwalimu wa Kiingereza akatufafanulia neno destroy. Limetoka Kilatini, akasema: struere ni kupanga kitu juu ya kitu, kujenga, ile de ya mwanzoni inageuza maana. Mdomo wangu hauna breki, nikaropoka, "Kwa hiyo ticha, ni kama funga, fungua. Jenga, jengua." Darasa likacheka. Yeye akaliandika ubaoni.

Jioni, baada ya shikamoo, nikamwambia bibi kwamba Warumi walikuwa hawabomoi, walikuwa wanajengua. Akauliza Warumi ni wa mtaa gani. Baba mdogo akasema nisimletee Kilatini kwenye biashara. Bibi hakumsikiliza.

"Ukiijengua, mlango unabaki mlango?"

"Unabaki mlango, bibi."

Akainuka kizingitini. "Basi aletwe fundi."

Bati zikashushwa, boriti zikafuata, mlango ukatoka na miimo yake. Sasa uko Mbagala, kwenye nyumba mpya ya bibi. Kariakoo kwetu kuna ghorofa la vioo, mlango wake unafunguka wenyewe kabla hujaugusa. Juzi nilipofika Mbagala nilitoka mbio tangu barabarani, nikaupiga kibao: kombolela. Bibi akafoka kutoka uani, vilevile kama zamani. Nikageuka nyuma kuwatazama niliowakomboa. Hapakuwa na mtu.