Migomba ya Ochoki Haijui Daktari

"Mgomba wangu haujui daktari. Siku mkisikia mgomba wa Ochoki umeugua, jueni ni mimi nimekufa, na mgomba unanililia."

Maneno hayo Ochoki aliyasema sokoni Nyamarambe, siku wauza mbolea walipokuja na hema, spika kubwa na fulana za bure. Mwenye kipaza sauti alikuwa ameuliza tu kama kuna mkulima mwenye swali. Ochoki hakuwa na swali. Ochoki alizaliwa na majibu. Alikikumbatia kile kipaza sauti kama ndugu aliyerudi kutoka jela, na mpaka wanampokonya, watu wa mbolea walikuwa wameuza mifuko ya kuhesabika ilhali yeye alikuwa anachukua oda za miche.

Tusimwonee, sababu alikuwa nayo. Kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba yake kulikuwa na migomba ya mkono wa tembo, ile ndizi ndefu kama mkono wa mtu hadi kiwikoni, ambayo ukiichoma kwenye makaa jirani anakumbuka ghafla kwamba alikuwa na habari ya kukuletea. Mche wa kwanza aliuleta mama yake alipokuja kuolewa kutoka Mosocho, kaufunga kwenye leso pamoja na mwiko. Mama alizikwa hapo hapo, ukingoni mwa migomba. Magonjwa yalipita kijijini, yakachagua shamba la huyu na la yule, na mteremko wa Ochoki yakauacha. Ndiyo maana watu walitoka hadi Kebirigo kununua miche yake.

Ubaya wa mkono wa tembo ni kwamba hauna haraka ya kuzaa. Mgomba mmoja hutoa chipukizi moja, mbili, kisha unapumzika kama mtumishi wa serikali. Oda zilikuwa nyingi na miche michache. Ndipo Ochoki alipoalikwa kwenye mafunzo ya wakulima, akala chapati, akajifunza kisanduku.

Kisanduku chenyewe si uchawi. Unachimbua tunguu, kile kichwa cha mgomba kilichojificha ardhini, unalimenya, unalichanja msalaba kwa kisu, unalifukia kwenye unga wa mbao ndani ya sanduku lililofunikwa nailoni. Tunguu likiumia hivyo, linatoa machipukizi kumi pale lingetoa mawili. Wakufunzi waliishia hapo. Ochoki hakuishia hapo. Nyamarambe asubuhi ina baridi ya kumfanya jogoo afikirie mara mbili, na machipukizi yalikuwa yanachelewa. Basi akakisogeza kisanduku hadi ukuta wa jikoni, akaingiza jiko la makaa chini yake, akaliwasha asubuhi na jioni.

Mkewe Mong'ina alisimama mlangoni na ungo wa wimbi. "Baba Duke, sasa umeanza kuatamia. Ukitaga utaniita?"

"Cheka tu. Vifaranga vinatoka kwa joto. Ndizi ni nini isitoke?"

Na zikatoka. Zilitoka kwa fujo. Ochoki aliipanga miche kwenye mifuko ya nailoni kando ya ua, akaitembelea kila asubuhi na kikombe cha chai mkononi, kama mkuu wa shule anayekagua gwaride.

Asubuhi moja kikombe kilimponyoka. Majani ya miche yalikuwa na michirizi ya njano iliyokatika-katika, kama mtu amechora kwa kalamu huku anatikiswa. Baada ya wiki michirizi ikawa ya kahawia, kisha weusi ukaingia katikati ya jani, na mche wa kwanza ukafa kuanzia moyoni. Ochoki alisimama kati ya miche yake kama mtu aliyeingia sebuleni kwake akakuta watu asiowajua wanakula chakula chake, na hakuna aliyeinua kichwa kumsalimu.

Simu za wateja waliokwisha kuchukua miche ya kisanduku zikaanza. Wa Kebirigo alipiga. Wa Mosocho akapiga. Michirizi ile ile.

Sasa, mtu mwenye majibu hakosi jibu. Ng'ambo ya ua, kwenye kipande cha shamba alichokodi kwa binamu ya Ochoki, aliishi Odoyo, fundi wa pikipiki, mtu wa upande wa ziwani. Odoyo alikuwa na migomba minne ya ndizi za kupika, na miche yake alikuja nayo mwenyewe. Ochoki hakuhitaji ushahidi mwingine. Alimfuata hadi kwenye kibanda chake cha ufundi, mbele ya wateja.

"Odoyo, umenimaliza."

Odoyo hakuinua macho kutoka kwenye mnyororo. "Mzee, pikipiki yako si niliimaliza wiki jana?"

"Si pikipiki. Ndizi. Umeniletea ugonjwa kutoka huko kwenu, mahali ndizi na samaki zinalala chumba kimoja."

"Ndizi yangu ni nne, na yote iko na afya kukushinda." Odoyo sasa aliinuka, akajipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Yako ndiyo inaumwa. Mgonjwa ndiye anaambia mzima umeniambukiza?"

Wateja walicheka. Kicheko hicho ndicho kilichompeleka Ochoki kwa naibu wa chifu.

Kwenye baraza, siku ya Jumapili ili Wasabato nao wawepo, Ochoki alizungumza mpaka naibu wa chifu akaangalia saa. Alikuwepo pia Lorna, binti wa watu wa Kebirigo, aliyekuwa akisomea virusi vya mimea chuo kikuu na ambaye tayari alikuwa akizunguka akichuma majani ya migomba kama mtu anayetafuta mboga asiyoijua. Akasema anaweza kupima mashamba yote mawili.

"Apime," Ochoki alisema. "Na mimi natoa hukumu kabisa, nyinyi mashahidi. Ambaye ugonjwa utapatikana umetoka kwa shamba lake, ang'oe migomba yote. Yote. Hata ya kulisha ng'ombe."

"Hata wewe?" Odoyo aliuliza.

"Hata mimi. Hata chifu."

Watu wakacheka tena, lakini safari hii Ochoki alicheka nao. Odoyo alivuka uwanja, akampa mkono, na Ochoki akaushika ule mkono wenye grisi, akautikisa kwa nguvu ya mtu anayeaga.

Lorna alichuma majani ya miche iliyougua, majani ya Odoyo, kisha akaomba na ya migomba mikubwa ya mteremkoni. "Hiyo ya mama yangu ya nini?" Ochoki alishangaa. "Ni kama kumpima pasta ulevi." Lorna alichuma tu, akafungia kila kitu kwenye sanduku la barafu, akaondoka.

Aliporudi, walikaa uani kwa Ochoki: naibu wa chifu kwenye kiti cha plastiki, Odoyo kwenye gogo, Mong'ina mlangoni, na majirani waliokuwa wanapita kwa bahati, wote kwa wakati mmoja.

"Tata," Lorna alianza, kwa heshima ya mtoto kwa mzee, "miche yako iko na virusi vya michirizi."

Ochoki aliitikia kwa kichwa polepole, kama wakili.

"Migomba ya Odoyo ni safi. Haina kitu."

Kichwa kikasimama. "Hukupima vizuri."

"Tulirudia. Na wenzangu wakarudia."

"Sasa hii ugonjwa imeshuka na mvua?"

Lorna aliangalia chini kidogo. "Imetoka kwa migomba ya mama yako."

Ochoki aligeuka akautazama mteremko. Majani ya mkono wa tembo yalikuwa yanang'aa, mapana, ya kijani ya kuumiza macho, hayana hata doa la kumpa inzi pa kutua.

"Binti yangu," alisema taratibu, "ile unaona pale ni wagonjwa?"

"Si wagonjwa. Lakini wanao."

"Unaniambia mtu ana malaria na hana malaria."

"Hapana, tata. Sikiza. Kirusi ni maagizo yaliyovaa koti, na koti lenyewe limeshonwa kwa protini. Kwa miche tulipata maagizo na makoti, mengi. Kwa migomba mikubwa hatukupata koti hata moja. Lakini maagizo tumeyapata, na hayako nje. Yako ndani ya jeni za mgomba wenyewe, katikati ya yale yanayouambia toa jani, toa mkungu."

"Nani aliyaandika humo?"

"Kirusi chenyewe, zamani sana, kabla kuwe na Nyamarambe. Kiliingia, kikanasa humo, kikawa kinarithiwa kama pua. Kila mkono wa tembo unazaliwa nayo. Ndizi za kupika kama za Odoyo hazina hayo maandishi."

Ochoki alijipapasa pua.

Naibu wa chifu ndiye aliyeuliza. "Kama yameandikwa humo miaka yote, mbona haikuugua miaka yote?"

"Ni kama kitabu cha nyimbo," Lorna alisema. "Nyimbo zote ziko mle, lakini kanisa haliimbi zote. Linaimba ile ambayo nambari yake imetajwa. Jeni nazo ni hivyo. Nyingi zimenyamaza. Hii ilikuwa imenyamaza."

"Sasa nani ametaja nambari?"

"Mgomba wenyewe, ukiteswa. Ukikatwa-katwa, au ukipata joto ambalo si lake, hizo jeni zinaamka. Mgomba unaanza kusoma maagizo bila kujua ni ya nani, unashona makoti, unakitengeneza kirusi kwa mikono yake mwenyewe."

Kisha kutoka mlangoni Mong'ina akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Jiko."

Macho yote yalikwenda kwenye ukuta wa jikoni. Kisanduku kilikuwa pale na nailoni yake iliyotoka jasho kwa ndani, na chini yake majivu ya asubuhi bado yana uvuguvugu. Ochoki aliketi kwenye mtungi wa maji uliolala. Alihisi kama mtu aliyemshitaki mwizi, polisi wakaja na mbwa, mbwa akanusa kijiji kizima kisha akaja kuketi miguuni pake.

"Kwa hivyo," alisema, "mama yangu alikuja na hii kitu kwa leso."

"Alikuja na ndizi nzuri, tata. Hii ilikuwa imelala. Kwake ililala mpaka akafa."

Ochoki aliinamisha kichwa. Maneno yale yalikuwa ya kumfariji, na yalimchoma kuliko yote. Mama hakuamsha kitu.

Lorna aliendelea, sasa akiharakisha, kwa kuwa hakupenda alichokiona usoni mwa mzee. Alisema miche iliyougua ichomwe, na wateja waambiwe wachome. Kisanduku kivunjwe. Ila migomba mikubwa si lazima iondoke. Ikiachwa bila kuteswa, inaweza kukaa na kuliwa.

Pumzi ilimrudi Ochoki. Hata majirani walishusha mabega. Naibu wa chifu alishika kofia yake, tayari kuinuka. "Basi sayansi imesamehe," akasema.

Hapo ndipo watu walipokumbuka gogo, na aliyeketi juu yake. Odoyo alikuwa anajitoa grisi kwenye kucha kwa kijiti.

"Mimi sina neno," alisema. "Neno alitoa mwenyewe."

"Odoyo, umesikia mtaalamu," naibu wa chifu alisema.

"Nimesikia. Ingekuwa ni yangu imepatikana, mtaalamu angesema nini? Kesho asubuhi mngekuwa kwangu na majembe, na chai mmebeba."

Kila mtu alijua jembe lake lingekuwa la ngapi mlangoni pa Odoyo. Ochoki alimtazama Mong'ina. Mong'ina alimtazama Ochoki, kisha akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amebeba jembe. Hakumpa, aliliegemeza ukutani karibu naye na kurudi kwenye wimbi lake.

Ochoki alianza kung'oa chini kwenye kijito, akipandisha mteremko. Migomba ile mikubwa ilianguka kwa sauti ya maji, ng'ombe wa kijiji kizima wakashiba, na watoto wakafanya sherehe ya mikungu mibichi. Alipofika ukingoni, kwenye ile migomba iliyozunguka kaburi, alilipasua tunguu moja kwa panga, akachutama, akaangalia ndani. Lilikuwa jeupe, lenye maji, linanukia udongo mpya. Akaligeuza. Akalipasua tena, nusu, na nusu ya nusu, akayashikilia mapande juani kama mtu anayekagua noti, akitafuta mahali palipoandikwa. Hapakuwa na kitu. Mong'ina alimkuta bado amechutama, mkono wake umejaa vipande vyeupe.

Mvua za kwanza ziliukuta mteremko uchi. Udongo ulianza kuteremka kijitoni, na jikoni, kwa mara ya kwanza tangu nyumba ile ijengwe, ndizi zikawa za kununua. Mong'ina hakusema kitu kwa wiki nzima, jambo lililomtisha Ochoki kuliko virusi. Mwishowe Ochoki alivaa gambuti akaenda kwenye ua.

Odoyo alikuwa anapalilia. Migomba yake minne ilikuwa imejaa machipukizi manene, yamechongoka kama mikuki.

"Jirani."

"Mzee."

"Naona hizi zako zimezaa."

"Zimezaa."

"Mteremko unaenda na maji, Odoyo."

"Nimeona."

Huku, mtu wa sokoni hununua mche. Jirani huomba, akapewa, akaambiwa upate mvua, uzae. Hakuna aliyewahi kutajiwa bei juu ya ua. Ochoki alikunja kofia mkononi, akangoja kupewa.

Odoyo alichomeka jembe ardhini, akahesabu machipukizi kwa macho.

"Mche mmoja," alisema, "ni shilingi mia mbili."