Gamba la Pono

Juzi pale Darajani muuza samaki alikuwa anampaa pono, gamba moja la buluu likanirukia mkononi. Niliona haya, mimi bibi wa wajukuu, kama niliyefumaniwa.

Nilikuwa mtoto wa kike, nimepelekwa Kizimkazi kwa mjomba wangu mvuvi. Mchana ule maji yalikupwa, mwani ukanuka juani. Mjomba alitoa samaki katika dema lake, mtego wa fito zilizosukwa uliokaa kwenye maji ya magotini, akabakisha pono mmoja, kijani na buluu, mdomo wa waridi. Nikadhani amemsahau. Alipopeleka wale wengine pwani, nikafungua kimlango, nikamtoa kwa mikono miwili, akaniponyoka akaenda zake.

Sikujua kwamba aliachwa makusudi, awavute wenzake.

Mjomba aliporudi akakuta dema tupu, akamgeukia Makame, aliyekuwa akitega karibu yetu.

"Dema la mtu haliguswi, Makame!"

"Wallahi, mie sijaligusa."

Kisha Makame akanitazama. Nikaficha mikono nyuma. Akainamisha kichwa.

"Basi yaishe, bwana. Nnahamisha dema langu."

Tangu siku ile kijiji kizima kilimjua kwa wizi wa madema. Nami nilishukuru kwamba Makame hakuona kitu.

Jioni ya siku ile ile, nilipokuwa nanawa uso, ndipo nilipolipapasa gamba la buluu limeniganda shavuni. Mjomba alikuwa amenipa mgongo muda wote ule. Makame ndiye aliyenitazama usoni.