Maziwa ya Konokono

Ninayo bado kichwani ile Jumapili ya Buganguzi, mwanangu, niliposikia kwamba konokono wa jirani yetu Projesti wanatoa maziwa. Usicheke kwanza. Tulikuwa nje ya kanisa baada ya misa, na watu wazima, kofia mkononi, waliapa kwamba ikifika saa sita mchana bwawa lake la samaki hugeuka jeupe, ngege anaowafuga wakanyonya wakanenepa. Niliamini neno kwa neno, na nilikuwa nimehitimu kisomo cha jioni, nasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo.

Mwenye wivu haulizi, huamini tu. Siku hizo za ujamaa kila kijana alikuwa amegawiwa bwawa la samaki bondeni. Mimi nilikuwa mgeni, nimetoka Kagondo kuishi kwa mjomba, na nilikuwa namchumbia Koleta. Samaki wangu walikuwa wembamba, ukimwinua mmoja unaona jua upande wa pili. Ngege wa Projesti wakigeuka, maji yanamwagika ukingoni. Hilo ningelivumilia. Lakini kila Jumapili ngege mmoja, amefungwa kwenye jani la mgomba, alipita mbele ya macho yangu kwenda kwa mama yake Koleta. Na mama yule akimpokea Projesti humwita "mwanangu". Mimi, mchumba, aliniita "wewe wa Kagondo". Usiku nilikuwa nahesabu mabati ya mjomba badala ya kulala.

Nikashuka ziwani na kapu. Kwenye magugu nikaokota konokono wale bapa, ganda limezungushwa kama ngata ya kubebea mtungi. Wale wenye ganda refu lenye ncha niliwaacha, nikaona hawana dalili ya maziwa. Nikawamwaga bwawani, nikaacha magugu yamee wapate kivuli, na kila mchana nikawa naingia miguu mitupu kuwatazama kama mfugaji na ng'ombe wake.

Maziwa hayakuja. Ngege wangu wakatoka madoadoa meusi kama walionyunyiziwa pilipili manga, wakajisugua kwenye mawe, kisha wakaanza kuelea tumbo juu. Nami tumbo likanikata, choo kikawa na damu. Unajua nilisema nini? Nilisema Projesti kaniroga. Nikaenda kwa Koleta nikamtaka achague, samaki wa yule ama mimi. Akanitazama, akaingia ndani, akafunga mlango. Jioni mjomba aliambiwa kwamba habari za posa zisubiri kwanza. Kwetu ukiambiwa usubiri, jua kibuyu chako cha rubisi, pombe ya ndizi ya posa, kiko njiani kurudi.

Aliyekuja bwawani kwangu ni Projesti mwenyewe. Nikamuuliza kwa hasira mbona konokono wake wananenepesha na wangu wanaua. Alicheka mpaka akashika mgomba asianguke.

"Waitu, ndugu yetu msomi," alisema, "yale meupe ni povu la machicha ya rubisi. Nawakanyagia watu ndizi, wananipa machicha, nawamwagia samaki saa sita. Konokono nikimwona namtoa. Hao bapa wako ndio nyumba ya minyoo. Wengine wanaingia kwa samaki, wengine wanapita kwenye ngozi yako ukiwa majini. Una kichocho wewe. Nani apoteze hirizi kwa mtu anayechunga konokono?"

Nilikunywa dawa ya zahanati, chungu kuliko maneno yake. Kisha tukafungulia maji ya bwawa. Yeye alivaa mabuti, mimi akanikataza kugusa hata tope. Aling'oa magugu yote, maana mayai ya konokono hunata chini ya majani kama makamasi, tukayachoma pamoja na konokono wenyewe pale juu pakavu. Tope tuliliacha juani mpaka likapasuka. Maji yalipoingia tena tulifunga wavu wa matundu madogo mdomoni mwa mfereji, naye akanipa bata wa kukagua kingo na kula konokono waliobaki. Nilimwonea wivu hata kwa jinsi alivyokuwa ananisaidia.

Nilipomuuliza kuhusu samaki wa Jumapili, alisema nikaulize huko huko wanakopelekwa. Nikaenda. Koleta alikuwa mlangoni anamenya ndizi, hakuinua kichwa.

"Mama ndiye aliyemsimamia Projesti ubatizo," alisema. "Anamletea mama yake wa ubatizo kitoweo. Hapa kila mtoto anajua. Ungeuliza, ungeambiwa hapa hapa mlangoni."

Basi. Maneno hayo tu, nami nikamwomba radhi. Kibuyu kilipokelewa baada ya mavuno ya kahawa, na sasa Koleta yuko jikoni, ananisikia ninavyoongeza chumvi.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Jirani akifanikiwa, mwendee umuulize anafanyaje, na akikuonyesha, shika jembe. Ukifuga samaki, mtambue konokono kabla hajaingia, toa magugu, wala usikanyage maji yaliyotuama kwa miguu mitupu. Na ukimpenda mtu, usimtungie kesi moyoni ukamhukumu naye hayupo. Mungu akupe macho ya kutazama cha mwenzako bila kuumwa, akupe rafiki atakayekucheka na bado akavaa mabuti kwa ajili yako, na mwaka wako uwe na migomba iliyoinama kwa mikungu.