Jibu la Wizara Kuhusu Kisima Chetu

Nimehama mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri: Kaptembwo, Molo, Naivasha, kisha Kaptembwo tena. Kila nikirudi kwa mama, nje kidogo ya Rongai, kitu cha kwanza ninachotazama ni lile tangi jeusi la kisima cha serikali lililo juu ya vyuma. Siku ya kuzindua kisima, maji yalitoka. Baadaye tukasikia yaliletwa na lori alfajiri. Tangu hapo bomba ni kavu, na mama huteka mtoni na goti lake bovu.

Baba alipokuwa hai alipenda kusikiliza Bunge redioni. Waziri akisimama kujibu, sote tulinyamazishwa. Nilikua nikiamini kwamba swali likiulizwa kule, lazima mtu atetemeke. Ndiyo maana nilipeleka barua kwa ofisi ya mbunge wetu, nikiomba aulize Bungeni kuhusu kisima.

Mama mmoja wa pale ofisini aliisoma akacheka.

"Boss, usiulize maji yatakuja lini. Watakujibu, pesa zikipatikana. Uliza nani alithibitisha kwamba kazi imekamilika."

Akaniambia swali litajibiwa kwa maandishi. Nikashuku papo hapo.

"Mbona lisiulizwe watu wakisikia? Mnaficha nini?"

"Akijibu kwa mdomo waziri atatania, watu wacheke, muda uishe. Karatasi haina utani."

Niliondoka nikiamini barua yangu itatumika kufungia maandazi.

Wiki kadhaa baadaye akanipigia simu niende ofisini. Jibu la wizara lilikuwa kurasa tatu. Ya kwanza ilisema kisima kinahudumia wakazi. Ya tatu ilikuwa nakala ya cheti cha kukamilika kwa kazi, yenye sahihi ya mhandisi, ya mkandarasi, na ya mwakilishi wa wakazi. Hiyo ya mwisho niliitambua kabla sijasoma jina. Ni ile iliyokuwa kwenye ripoti zangu zote za shule.

"Mheshimiwa anaweza kuuliza tena," yule mama alisema, "lakini tutahitaji maelezo ya huyu mwakilishi, na jina lake litatajwa. Fikirieni."

Njia nzima hadi Rongai nilimshuku mama yangu. Nilikumbuka mabati mapya ya jikoni. Nilimkuta akipepeta maharagwe, sufuria ya githeri ikichemka.

"Mama, haya mabati ulinunua na nini?"

"Na mahindi. Umekuwa polisi?"

Nikampa karatasi. Aliishika mbali na macho, akaitazama ile sahihi.

"Hii ni yangu."

"Walikupa ngapi?"

Akaweka ungo chini.

"Soda moja na mkate. Walisema ni orodha ya waliohudhuria uzinduzi. Mimi nilikuwa wa kwanza kwa laini."

"Na hukusoma?"

"Wewe ukienda matanga, husoma kile kitabu kabla ya kuweka sahihi?"

Huku kwetu tunaweka sahihi kila mahali: barazani, kanisani, matangani. Karatasi ikipita, unaandika jina na nambari ya kitambulisho, unampa jirani kalamu.

Nilimweleza alichosema mama wa ofisini. Nikamwambia tunaweza kuliacha jambo hili.

"Watu watasema nilikula," alisema.

"Watasema. Hata mimi nimesema."

"Nimekusikia." Aliokota harage moja lililoanguka. "Na tukinyamaza, hii karatasi itakaa huko Nairobi ikisema mimi nakunywa maji ya kisima?"

"Itakaa."

"Basi andika. Andika hiyo soda, hata haikuwa baridi. Andika na mto."

Niliandika nikiegemeza daftari kwenye goti. Nilipomaliza nikamnyooshea kalamu, hakuipokea. Alilichukua daftari, akavaa miwani, akaanza kusoma, kidole kikitangulia chini ya kila mstari. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Githeri ilianza kunuka kuungua, nikainuka.

"Keti," akasema. "Sijamaliza."

Alipomaliza aliweka sahihi, akafunua sufuria, akatikisa mtungi. Ulikuwa mtupu. Nikauchukua nikaelekea mtoni.