Mama Pasi na Saksafoni Isiyo na Ulimi

Siku ya kwanza ya mafunzo, kila mwanafunzi katika ukumbi wa jamii alikabidhiwa saksafoni yenye ulimi wake, isipokuwa mmoja. Ulimi ni kile kipande chembamba cha mwanzi kinachofungwa kwenye mdomo wa chombo. Pumzi hukitetemesha, na hapo ndipo sauti huzaliwa. Pasipo ulimi, mtu anapuliza bomba tu. Aliyenyimwa alikuwa mwanamke pekee darasani: dobi wa mtaa wetu, tumwitaye Mama Pasi.

“Mwalimu, chombo changu hakina ulimi,” alisema.

“Ulimi unao wewe, mama, tena mrefu,” mwalimu akajibu, na darasa likaangua kicheko. “Jifunze vidole kwanza. Kupuliza kunataka mapafu ya kiume.”

Tangazo lililobandikwa mlangoni lilisema mafunzo ni ya wakazi wote. Halikutaja mapafu ya mtu.

Mama Pasi hakuondoka. Wenzake walipiga kelele za kila namna, yeye akabonyeza vitufe kimyakimya, somo baada ya somo, hadi vidole vyake vikawa havihitaji macho. Alipoona kuwa hiyo “kwanza” ya mwalimu haina mwisho, akasimama katikati ya somo.

“Vifungo vya mashati navifunga kutwa nzima kazini kwangu, mwalimu. Hapa nimekuja kupiga.”

“Na ukishindwa?”

“Nitashindwa kwa sauti.”

Dereva wa lori aliyekaa kando yake akatoa ulimi wa akiba mfukoni. “Shika, dada. Umenyamaza mpaka unanitia wasiwasi.”

Mwalimu alitazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye. Safari hii hakumpata. Akakohoa, akaanza kufundisha, na kwa haki lazima niseme kwamba anapotaka kufundisha, anajua. Alimwonyesha namna ya kuegemeza meno ya juu kwenye mdomo wa chombo, kukunja midomo bila kuuma, na kuisukuma pumzi kutoka tumboni, si mashavuni. “Unakipiga, mama, hukili,” alimkanya.

Nyumbani Mama Pasi alifanyia mazoezi katika chumba cha kupigia pasi, katikati ya mashuka yaliyotundikwa. Wifi yake, dada wa mumewe, akachungulia mlangoni.

“Wifi, majirani wanauliza kama tumeanza kufuga bata.”

“Waambie wiki ijayo anataga.”

“Na kaka yangu anasemaje?”

“Kaka yako amesema bata ana pumzi kuliko yeye. Hebu nishikie shuka hili, nikuonyeshe.”

Mwenda pole hajikwai. Ile sauti ya bata ikanyooka, ikawa noti moja ndefu isiyotikisika. Noti zikashikana, zikawa wimbo. Siku ya majaribio ya kuingia bendi ya ukumbi, Mama Pasi alipiga wimbo wake wote bila kukwama, naye mwalimu yule yule akasimama mbele ya kamati ya ukumbi na kutamka kuwa amefaulu. Dereva wa lori, aliyefaulu pia, alipewa kiti katika bendi siku hiyo hiyo.

Mama Pasi aliambiwa asubiri. Sababu? Mwenyekiti wa kamati alieleza kuwa sare ya bendi ni suruali, na ya kike haijashonwa.

“Suruali zenyewe nazipiga pasi mimi,” Mama Pasi alimjibu. “Nipeni yoyote, hata hiyo mikunjo yake naijua.”

Bado anasubiri. Hajavunjika moyo, wala haombi kuhurumiwa. Kila jioni mtaa mzima unamsikia, na hakuna anayeuliza tena habari za bata.

Nanyi, mwenyekiti na wajumbe wa kamati, sikieni. Ukumbi huu ni wa wakazi wote, na saksafoni zile si urithi wa baba zenu. Mliweka majaribio, mwanamke akayapita. Kumzuia sasa kwa kisingizio cha kitambaa ni dhuluma, na dhuluma haigeuki utaratibu kwa kuwa imetamkwa na kamati. Kiti kimoja ki wazi katika safu ya saksafoni. Mazoezi yajayo mkalisheni Mama Pasi hapo, na siku hiyo hiyo futeni kanuni ya sare inayowafungia wanawake mlango. Msituambie mtalitazama. Mmekwisha kulitazama vya kutosha.